Barua kwa Baba Asha: rangi isubiri

Warren, Michigan

Ndugu yangu Baba Asha,

Salaam nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, watoto wanaendelea na shule, na baridi imeanza kukaza. Magari ya thamani yote yameshaingizwa ndani kabla ya chumvi ya kuyeyusha barafu kumwagwa barabarani. Natumaini mama amepata nafuu ya miguu. Nifikishie shikamoo yangu.

Ujumbe wako kuhusu ile Peugeot 404 ya marehemu mzee wa Muheza nimeusikiliza, nikaurudia tena usiku watu walipolala. Unasema familia inaapa kwamba gari lile lilikimbia mashindano ya Safari Rally miaka ya sitini, bei mmekaribia kuelewana, na fundi wako wa rangi yuko tayari kulikwangua lote na kulipiga nyeupe mpya ili ulipeleke kwenye maonyesho ya magari ya kale Nairobi. Naomba umzuie huyo fundi. Najua mkono wake ni mzuri, nimeona kazi zake. Lakini asiliguse gari hilo mpaka umalize kusoma barua hii.

Nikueleze kwa nini nimekuwa mkali. Hapa ninapoishi inapita barabara ya Mound, na kando yake ndipo kilipo kituo cha ufundi na usanifu cha kampuni ya magari ya General Motors, kilichofunguliwa 1956. Ukiifuata barabara hiyohiyo kwenda kaskazini unaingia Sterling Heights, na huko kulikuwa na yadi ya magari chakavu iliyoitwa Warhoops. Kilichotokea kati ya sehemu hizo mbili ndicho kilichonifundisha jinsi ya kulitazama gari la kale, hata hili la kwako.

Miaka ile General Motors walikuwa na maonyesho makubwa yaliyoitwa Motorama. Yalikuwa yakianzia hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, kisha yanazunguka miji mingine. Kulikuwa na muziki, wacheza dansi, na magari yanayozunguka taratibu juu ya majukwaa. Watu waliyaita magari ya ndoto, kwa kuwa hayakuwa ya kuuzwa. Yalitengenezwa moja moja, kwa mkono, bodi nyingi zikiwa za faiba, ili kampuni ione macho ya watu yanakwenda wapi. Mkuu wa usanifu alikuwa Harley Earl. Januari 1953 alionyesha pale Waldorf gari dogo jeupe la viti viwili, watu wakalipenda mno, na kabla mwaka haujaisha kiwanda cha Flint kilikuwa kimeunda 300 ya namna hiyo. Hiyo ndiyo Corvette ya kwanza.

Mengi hayakupata bahati hiyo. Maonyesho yakiisha gari linakuwa limepitwa na wakati, na kampuni haikutaka gari ambalo halikuundwa kwa ajili ya barabara liangukie mikononi mwa mtu, apate nalo ajali, kesi irudi kwao. Basi mwishoni mwa miaka ya hamsini ikatoka amri baadhi yaharibiwe. Manne yakapelekwa Warhoops: LaSalle II mbili za 1955, moja ya wazi na moja ya milango minne, Chevrolet Biscayne ya 1955, na Cadillac Eldorado Brougham Town Car ya 1956.

Mwenye yadi hakuyasaga. Biscayne ilikatwa vipande, lakini vipande vyenyewe vikabaki palepale, na yale magari mengine yakakaa nje, juani na thelujini, karibu miaka 30. Fikiria Biscayne hiyo, Baba Asha: rangi ya kijani, milango minne isiyo na nguzo katikati, ukiifungua yote unaona kiti cha mbele na cha nyuma kama sebule. Halafu ifikirie iko chini, vipandevipande, majani yanaota katikati yake. Mwishoni mwa miaka ya themanini mtu mmoja wa upande wa Chicago, Joe Bortz, ambaye biashara yake ilikuwa migahawa na kumbi za starehe, akayanunua yote. Wengi wangeona takataka. Yeye alikuwa ameshaanza kukusanya magari ya ndoto, alijua anatazama nini. Biscayne ikaunganishwa kipande kwa kipande, kazi iliyokula miaka mingi, na leo ipo, watu wanaiona.

Ninachompendea Bortz si pesa zake. Ni kwamba aliheshimu vipande vile. Angeweza kutengeneza bodi mpya kabisa, faiba si kitu kigumu, wewe mwenyewe unawaona vijana wa boti pale Deep Sea wanavyoimwaga. Ingekuwa safi zaidi, na pengine rahisi zaidi. Lakini isingekuwa Biscayne, ingekuwa sanamu yake. Faiba iliyolazwa na mafundi wa Earl ilikuwa imebaki ileile, na yeye akaitafutia njia ya kusimama tena.

Sasa nije kwenye rangi, maana hapo ndipo ninapokuogopea.

Karakana ninayofanya kazi ililetewa Corvette ya 1954. Mwaka huo nyingi zilitoka nyeupe, na chache zikatoka buluu, nyekundu na nyeusi. Mteja alikuwa na hakika kwamba yake ni nyeupe tangu kiwandani, akataka tuikwangue mpaka faiba kisha tuirudishie nyeupe. Mzee anayetusimamia akakataa kushika mashine. Akachukua msasa wa maji, akachagua mahali pasipoonekana, chini ya ukingo wa boneti, akaanza kusugua kwa kidole kimoja, duara dogo kama sarafu. Anabadilisha msasa, kila mara laini zaidi, anafuta kwa kitambaa, anasugua tena. Baada ya muda yakatokea maduara ndani ya maduara: nyeupe ya juu, kijivu, nyekundu, kijivu tena, halafu buluu iliyotulia, na chini yake rangi ya msingi, na katikati kabisa nyuzi za faiba. Tulisimama pale tukiitazama ile buluu. Gari lilizaliwa buluu. Kama tungeanza na mashine, ushahidi wote ungeishia kwenye mfuko wa vumbi, na mteja angeendelea kuamini jambo lisilo kweli maisha yake yote.

Tangu siku ile siwezi kuona mtu anakwangua gari la kale bila kuuliza limewahi kuwa na rangi gani. Kuna gari lingine la maonyesho, Lincoln Futura ya 1955, bodi yake ilifanywa na kampuni ya Ghia kule Turin, Italia. Lilianza na nyeupe yenye mng'ao wa lulu, baadaye likapigwa nyekundu, na mwishowe George Barris, fundi wa kubadilisha magari, aliyelinunua kwa dola 1, akaligeuza kuwa gari jeusi la Batman la televisheni ya 1966. Mwaka 2013 liliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 4. Watu hulitaja kama hadithi ya kufanikiwa, na kwa gari la Batman ni kweli. Mimi huwa naiwaza Futura. Ilikuwa moja tu duniani, na hakuna atakayeiona tena ilivyokuwa.

Sasa rudi kwa 404 yako. Usidharau kwa sababu si gari la jukwaani. Peugeot 404 ilichorwa na Pininfarina, wasanifu wa Italia, na ilishinda Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Hiyo ya 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland wa Dar es Salaam pamoja na Chris Rothwell, hivyo ni historia yetu kabisa. Za 1963 na 1968, walizoshinda Nowicki na Cliff, zilikuwa ngumu kiasi kwamba kila mara yalimaliza magari 7 tu. Kama gari la Muheza lilikuwemo hata katika yale yaliyokwama njiani, ni mali adimu. Na kama halikuwemo, utalijua kwa kulichunguza, maana gari la mashindano lina alama zake.

Milango yake iangalie asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, ukisimama kwa ubavu. Namba za mashindano zilikaa milangoni, na rangi iliyofunikwa na namba haipauki sawa na ya pembeni. Mara nyingi hubaki kivuli cha duara au cha mraba, na hata rangi ya pili ikipigwa juu yake, ukingo wake huweza kuonekana. Hicho kivuli ndicho fundi wako atakachokiondoa katika nusu saa ya kwanza, na hakirudi. Ndiyo sababu nakusihi.

Kisha ingia chini. Tafuta vipande vya chuma vilivyochomelewa kuimarisha sehemu ambazo shokamzoba na springi zinashikana na bodi. Tafuta matundu ya boliti za bamba la kukinga injini. Mbele, kwenye bampa na grili, angalia matundu ya taa za ziada, hata kama yamezibwa kwa puti. Ndani, kwenye dashibodi upande wa abiria, kama kuna matundu ya vyombo ambavyo havipo tena, yapige picha yalivyo: msaidizi wa dereva alikuwa na mita zake za kupimia umbali. Usizibe tundu lolote. Na uangalie chini ya mikeka, chini ya kiti cha nyuma, ndani ya buti nyuma ya tairi la akiba. Huko ndiko rangi ya kwanza hujificha, na huko ndiko karatasi husahaulika.

404 haina chesisi ya pekee kama lori, bodi yenyewe ndiyo kila kitu. Kwa hiyo namba iliyogongwa kwenye bodi na ile ya kwenye kibati chini ya boneti lazima ziwe sawa, na zifanane na kadi. Zikitofautiana, simama hapo, uliza. Waombe familia picha zote za zamani, hata zile ambazo gari linaonekana kipande tu nyuma ya bwana harusi. Tunachotaka ni namba ya usajili, maana ukiwa nayo unaweza kwenda kwenye magazeti ya zamani na kuitafuta katika picha za Safari.

Kuhusu kununua, nakuomba ufanye mambo mawili hata kama yatachelewesha. La kwanza, usitoe hela kabla hujaona karatasi ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, na asaini yeye. Kijana mmoja wa familia kukwambia "mzee aliniachia mimi" haitoshi, tena hawa ni majirani zenu, mtaonana misibani miaka yote. La pili ni gumu kidogo. Kwa sasa nunua kwa bei ya 404 ya kawaida, kwa kuwa hadithi bila ushahidi haina bei. Lakini waambie wazi kwamba unachunguza, na ukithibitisha kwamba ni gari la Safari kweli, rudi ukae nao mzungumze upya. Najua hulazimiki. Ila gari la namna hii linahitaji watu wa kulishuhudia, na hao ndio mashahidi wako. Wakiona umewazunguka, picha zitapotea.

Likishafika kwako, adui mkubwa ni hewa ya bahari. Usilifunike turubai la plastiki, litatoa jasho ndani na kutu itaanzia chini ya mpira wa vioo. Tumia shuka nene la pamba, ndani ya banda lenye sakafu kavu na hewa inayopita. Lipandishe kwenye vigingi ili matairi yasibonyee, na matairi ya zamani usiyatupe hata yakiwa yamepasuka. Toa petroli iliyokaa tangini. Kabla ya mtu yeyote kujaribu kuliwasha, fungua plagi, tia oili kidogo kwenye kila silinda, liache lilale, halafu zungusha injini kwa mkono taratibu. Ikigoma usilazimishe. Viti usivishone upya. Kama kitambaa kimechanika, kishikilie kwa nyuma na kipande kingine ili kisiendelee. Kutu hai itibiwe pale ilipo, kwa brashi ndogo, bila kutambaa kwenye rangi nzima. Na safisha kwa maji kidogo na sabuni laini, kitambaa cha pamba, bila presha ya wale vijana wa kuosha magari.

Mafundi wengi nyumbani wataona unalea gari bovu. Waonyeshe hao vijana hata picha ya Biscayne ikiwa vipande. Na kama baada ya uchunguzi wote tutakuta ni 404 ya kawaida iliyopakwa hadithi, hapo fundi wako wa rangi afanye kazi yake kwa raha, nami nitakuchangia rangi.

Nakutumia kupitia dada yako anayekuja Desemba kifurushi cha msasa wa maji, namba 400 hadi 2000, na kioo cha kukuzia cha kuangalia rangi. Usianze kusugua kabla hatujazungumza kwa video. Wiki hii nipatie picha tatu tu: kibati cha chini ya boneti, namba iliyogongwa kwenye bodi, na mlango wa kulia saa kumi na mbili unusu asubuhi, ukiwa umesimama upande wa taa za nyuma.

Msalimie Mama Asha na watoto.

Nduguyo,
Mussa