Nyundo ya dalali haimtoi mtu nyumbani

MHARIRI,

Nyumba ikishapigwa mnada kwa deni la benki hapa Nakuru, iwe Milimani au Kiamunyi, mnunuzi aghalabu hudhani kazi imekwisha. Analeta vijana wa kukodi, mabati yanang'olewa, umeme unakatwa, magodoro na sufuria zinarundikwa kando ya barabara. Huo ni uvamizi, hata kama risiti ya mnada iko mfukoni.

Anayekaa humo naye hukawia kuamka. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, asipolipa kwa mwezi mmoja benki humwandikia notisi ya kifungu cha 90 inayompa miezi mitatu. Kisha huja notisi ya kuuza, siku 40, na nakala zake lazima ziwafikie wadhamini, wapangaji na mume au mke aliyeidhinisha mkopo. Dalali naye hutoa siku 45, halafu mnada haufanyiki kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini. Zikifuatana zote ni zaidi ya miezi sita. Kuna wanaomwambia mlinzi asipokee barua yoyote, wakiamini notisi isiyopokelewa haipo. Dalali huibandika langoni, akaipiga picha, akaapa kwamba ameifikisha, na siku zikaanza kuhesabiwa.

Wakati wa kwenda mahakamani ni huo. Kama mke hakuridhia nyumba ya familia iwekwe rehani, au benki inataka kuuza bila kumwita mthamini akadirie bei, yasemwe kabla ya mnada. Nyundo ikigonga, haki ya kuikomboa nyumba kwa kulipa deni imekwisha. Kwa kawaida kinachobaki ni kudai fidia, si kurudishiwa nyumba.

Sasa mnunuzi. Hulipa robo ya bei siku ya mnada na salio kwa muda uliowekwa kwenye masharti, ambayo ni vyema ayasome kabla ya kuinua mkono, maana mara nyingi benki haiahidi kumkabidhi nyumba tupu. Ushuru wa stempu kwa ploti ya mjini ni asilimia 4. Hati ikishasoma jina lake, njia salama ni notisi ya maandishi ya miezi mitatu, nakala kwa naibu kamishna wa kaunti na mkuu wa polisi wa eneo. Wasipohama, afungue kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, au kwa hakimu mkuu ikiwa thamani haizidi shilingi milioni 20.

Kosa linaloumiza hapa ni kumshtaki mkopaji peke yake. Siku ya kuhamisha, vyumba vya nyuma vinakutwa na mpangaji au mwana mwenye familia, ambaye jina lake halimo kwenye amri, na kazi inasimama. Hesabu kwanza wanaoishi humo, kila mlango. Na amri ikitaja kituo cha polisi kitakachosimamia, OCS, yaani mkuu wa kituo hicho, hatakuwa na sababu ya kukurudisha kortini.

Kwa aliyepoteza nyumba: deni, gharama na madai ya wengine juu ya nyumba hiyo yakishalipwa, ziada ni yako kisheria. Iandikie benki barua udai hesabu kamili ya mauzo, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Msomaji,
Nakuru