Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kihisi cha Kona ya Nyuma

Ndugu wanachama,

Mambo ya ada, hesabu na wanachama wapya mtayapata kwa mweka hazina na katibu. Nimeyapitia, sina la kuongeza. Mimi naomba nizungumzie kazi iliyotuchukua zaidi ya nusu ya mwaka: vihisi vya unyevu visivyo na betri tulivyofunga kwenye ghala la mahindi.

Mtakumbuka tulikoanzia. Mahindi yakizidi unyevu wa asilimia 13.5 hayafai kuhifadhiwa. Huota kuvu, na kuvu huleta sumukuvu. Familia zilizozika watu wao Dodoma na Manyara mwaka 2016 zinalijua hilo kuliko sisi. Vihisi vyetu vya kwanza vilikuwa vya betri, na kubadilisha betri moja ilibidi kuhamisha magunia kwa mabega. Ndipo tukafunga antena moja juu ya mlango. Kwanza inarusha nguvu kwa mawimbi ya redio, vihisi vyote vinachaji kapasita zao (vifaa vidogo vya kutunza umeme), kisha kila kimoja kinatuma vipimo kwa zamu yake.

Kihisi cha mlangoni, kilicho mita 3 kutoka kwenye antena, kilituma siku nzima bila kusita. Kile cha mita 6, kona ya nyuma, kilikaa kimya hadi tukadhani kimekufa. Nilipanda ngazi mwenyewe na kipima umeme mkononi. Kilikuwa kizima kabisa, ila kapasita yake ilijaa polepole mno. Na kona hiyo ndiyo ambayo bati lake linavuja.

Hesabu yake inauma. Umbali ukiwa mara mbili, hata mahali peupe pasipo kizuizi, nguvu inayofika ni robo tu. Kihisi cha kona kinachaji robo ya mwenzake, halafu ujumbe wake ukirudi mlangoni nao unafika robo. Robo ya robo ni 1/16. Watafiti Hyungsik Ju na Rui Zhang, wa Singapore, walilichambua tatizo hili mwaka 2014. Walionyesha kuwa ukigawa muda ili jumla ya data ya mtandao iwe kubwa kupita zote, kila kifaa hupata zamu kulingana na ubora wa njia yake ya mawimbi, kwenda na kurudi. Kwetu maana yake ni kwamba kihisi cha mlangoni kinapewa muda mara 16 ya kile cha kona. Jumla inapendeza, na mahindi ya kona yanaoza bila sisi kujua.

Wapo wenzetu waliotetea jumla, na hoja wanayo. Ukitaka vihisi vyote vipate kasi sawa ya kutuma data, zamu ya wa mbali inarefushwa, ya wa karibu inapunguzwa, na jumla inashuka. Tulibishana kikao kizima hadi giza likaingia. Msimamo wangu haujabadilika: ghala linaharibiwa na gunia moja lililolowa, kwa hiyo mtandao wake upimwe kwa kihisi chenye kasi ndogo kuliko vyote. Kikao kilikubali, na zamu zimegawanywa hivyo tangu siku ile. Kihisi cha mlangoni sasa kinatuma mara chache, wala hatujapungukiwa kitu, kwa sababu unyevu wa mahindi haupandi kwa dakika.

Vijana wetu wakaenda mbele zaidi. Walikifanya kihisi cha katikati kipokee ujumbe wa kona na kuupeleka mlangoni. Nilidhani kitaonewa, lakini kona haihitaji tena zamu ndefu, na muda uliookolewa unarudi kwenye kuchaji, jambo linalokifaa hata huyo mbebaji. Nawapongeza kwa dhati.

Kilichobaki ni antena ya pili, ili tuweze kuelekeza nguvu zaidi upande wa kona. Naomba mkutano huu uidhinishe ununuzi wake kabla ya masika. Bati wenye ghala wameahidi kuliziba.