Majivu Yakishafutika: Barua ya Wazi kwa Vijana wa Jumuiya Yetu

Tumsifu Yesu Kristo, wanangu.

Jumatano ya Majivu niliwaona mkitoka kanisani, mmepakwa majivu, mkikimbilia daladala za Mbagala. Jioni nilipokutana na baadhi yenu kituoni, jasho lilikuwa limeshayafuta. Nikaona niwaandikie.

Majivu yale ni matawi tuliyoyapunga Jumapili ya Matawi mwaka uliopita, tukiimba Hosana. Yamekauka, yamechomwa, tumerudishiwa usoni: kumbuka u mavumbi wewe.

Nawasikia mkiulizana nani kaacha nini Kwaresima hii: soda, bia, muziki. Ni vema. Kanisa lenyewe limetuwekea siku mbili tu za lazima za kufunga, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59. Mimi umri huo nimeupita, na bado nafunga. Mwaka huu wa 2026 majirani zetu Waislamu wameanza Ramadhani wiki ileile tuliyopaka majivu, kwa hiyo njaa tunaijua mtaa mzima. Lakini aliyeacha soda siku 40 huku kashikilia hela ya kikoba ya mama wa watu, kaacha nini?

Nayasema haya kwa kuwa yalinikuta. Nilipokuwa na karakana Keko, mama mmoja muuza samaki wa Feri alinilipa nimtengenezee kabati la mninga. Milango nikaweka mninga kweli. Mgongoni na ndani nikaweka paina, mbao ya bei rahisi, nikaifunika kwa vanishi nzito. Kwaresima ikafika, nikaenda kuungama. Padre akaniuliza, "Huyo mama anajua?" Nikanyamaza. Akaniambia niende kwake.

Asubuhi mbili nilifika Feri nikaishia kuzunguka zunguka. Ya tatu nikamkuta anaparua changu, magamba yamemganda hadi kwenye viwiko. Nikamweleza yote. Hakuacha kuparua. Akasema, "Nilijua, fundi. Wadudu wameshaanza kutoboa mgongoni. Nilikuwa nakungoja."

Alikuwa ananingoja! Siku zote hizo napita mbele ya altare nikijiona mtu safi, kumbe kuna mtu ananingoja. Nikalichukua kabati, nikabadili mbao zote, mkokoteni nikalipa mwenyewe. Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Injili, aliahidi kurudisha mara nne. Mimi nilirudisha mara moja tu, na kwa kuchelewa.

Basi, wanangu, kila mmoja amtafute anayemngoja. Msitume ule ujumbe wa simu wa kusambaza kwa watu wote, "kama nilikukosea, nisamehe." Hiyo "kama" iondoeni. Unajua ulichofanya, kitaje kwa jina lake, mbele yake. Kama ni deni na huna zote, peleka elfu tano, useme zilizobaki utaleta lini. Akikataa kukusamehe, usimlaumu wala usimshitaki kwa wazee wa jumuiya. Ulichokwenda kufanya umekifanya, mengine mwachie Mungu na muda wake.

Kuungama nako msisubiri Juma Kuu, foleni inapozunguka kanisa na padre amechoka.

Ijumaa tuna Njia ya Msalaba, vituo vyote 14. Nitakaa benchi la nyuma, upande wa mlango wa pembeni. Aliye na mahali pa kwenda na miguu ikawa mizito, aje anishike mkono tukimaliza. Nitamsindikiza hadi mlangoni kwa mtu huyo, nimngoje nje.

Mzee wenu,
fundi wa zamani wa Keko