Baba Neema, nipigie hesabu ya mabomba

Dodoma, Jumapili jioni

Baba Neema, mbukwa!

Natumaini hapo Manyoni hamjambo wote, mama Neema na watoto, na mguu wa bibi umepata nafuu. Sisi tupo. Upepo tu ndio unatutesa, ukianika shuka nyeupe asubuhi, jioni unaanua ya kaki. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa Kikombo na simu yako sikuirudisha, utanisuta tukionana. Leo nina shida na wewe, tena ya kazi yako ya kuchomelea vyuma, kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla hujaanza kucheka.

Ukuta wa kanisa umepakwa rangi, ile krimu aliyoichagua mama mchungaji. Haikuchukua muda, ukawa na michirizi meusi ya mipini na pedeli kuanzia mlango wa kwaya mpaka kwenye tangi la maji, maana baiskeli zote huegemezwa pale. Katibu akabandika tangazo: MARUFUKU KUEGEMEZA BAISKELI UKUTANI. Waumini wakatii, wakazilaza chini, ibada ikiisha akina mama wanashika vitenge juu na kuziruka. Kamati ikakaa. Unaujua mdomo wangu, nikasema watu hawana kosa, sisi ndio hatujawapa mahali. Wakanijibu haya, mahali patafute wewe.

Basi nimekuwa nazunguka mjini na baiskeli yangu, kila ninapoegesha napapa maksi kwenye kijidaftari. Mke wangu anasema nimekuwa mkaguzi wa elimu.

Nianze na pabaya, maana ndipo penye ugomvi. Kuna ofisi moja, jina niache, wameweka vyuma vya kuegeshea pale mbele, vimepakwa bluu na njano, ukiviona unasema hawa wenzetu wameendelea. Ni zile nafasi nyembamba za nondo, unachomeka gurudumu la mbele basi. Nikachomeka, nikaingia kuulizia karatasi yangu. Kutoka, upepo umeilaza baiskeli nzima kwa ubavu, gurudumu limebaki limebanwa kwenye chuma. Rimu imepinda, ikizunguka inasugua breki upande mmoja, na spoku zimekatika. Mlinzi ananiambia, "Pole mzee, zinaangukaga." Zinaangukaga! Na hapo bado wizi. Kufuli linafika kwenye gurudumu tu, fremu iko mbali, kwa hiyo mwizi akija na spana anafungua nati mbili, anakuachia gurudumu na kufuli lako, anaondoka na zilizobaki. Maksi 2, na hizo ni za rangi.

Sasa ndugu yangu, vyuma vya namna hiyohiyo ndivyo mhazini wetu anavitaka. Nitarudi kwake.

Majengo, karibu na soko, kuna fundi baiskeli chini ya mwarobaini. Chuma hana hata kimoja. Anazipanga mwenyewe, moja kichwa huku, nyingine kichwa kule, ili mipini isishikane, anakupa kibao chenye namba, unamwachia mia mbili. Ukikuta tairi limelegea anakuwa ameshalijaza na hakudai. Na kivuli, Baba Neema! Watu wanadharau kivuli, lakini kwa jua hili letu ukiiacha baiskeli mchana kutwa siti inapasuka na kiraka kwenye tyubu kinabanduka. Nilimpa 8. Mbili nimemkata kwa sababu akienda swala ya Ijumaa anamwachia mpwa wake, na mpwa wake anaziendesha.

Sehemu nyingine sikai nazo sana. Benki moja wana mti mzuri ila mlinzi anautunzia magari ya mabosi. Uwanja mmoja ni wazi, pana nafasi tele, na mbigili tele vilevile. Nilitoka na pancha mbele na nyuma.

Ila nikusimulie ya Nzuguni. Nilikwenda soko la Job Ndugai, nikamkuta kijana wa mkaa ameisimamisha baiskeli katikati ya kiwanja, haikuegemea kitu. Gunia limepita kichwa changu. Kumbe ana fimbo yenye panda, ameikita chini, ile panda imeshika fremu chini ya siti, na gurudumu la mbele amelizuia kwa jiwe. Upepo unapuliza, mzigo hautikisiki. Nilisimama pale namtazama mpaka akaniuliza kama nanunua. Wala fimbo hakuinunua, aliikata porini. Na imeshika fremu! Yule wa bluu na njano aliyelipwa hela hajui, huyu wa mkaa anajua.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Nataka bomba la inchi 2, likunjwe kama mlango mdogo usio na kizingiti, miguu yote miwili ichimbiwe kwenye zege. Juu ya ardhi liwe sentimita 75 hivi, upana kama 80, na miguu iongezwe sentimita 30 za kwenda chini. Baiskeli inaegemea kwa fremu, moja huku na moja kule, unafunga kufuli fremu na gurudumu pamoja. Si ubunifu wangu. Uingereza wanaziita kwa jina la mji wa Sheffield, na zimeenea nchi nyingi. Mwalimu ndiye aliyenionyesha kwenye simu, akanionyesha na stesheni ya treni ya Utrecht, Uholanzi, ambako kuna maegesho ya baiskeli 12,500 mahali pamoja chini ya ardhi. Sisi za waumini zinatushinda.

Mhazini anasema bomba ni ghali, na mimi nataka kuacha mita nzima kati ya bomba na bomba wakati nondo zake zinaingiza baiskeli kibao. Zinaingiza kwenye karatasi. Mpini una upana wake, ukibananisha hivyo wa katikati hatoi baiskeli yake mpaka jirani atoe. Halafu kuna wazee wa Ihumwa wanaokuja na madumu ya maziwa ubavuni, hao ndio kabisa. Kuhusu eneo, nikamwambia nafasi anayoegesha gari lake chini ya mwarobaini inatosha baiskeli kama 10. Akanyamaza. Mchungaji akakohoa. Nadhani hapo nilivuka kidogo, lakini tangu tuwe jiji mwaka 2018 kila kivuli mjini kimegeuka cha gari, na wanaotembea na jua ni walewale.

Wamenipa mpaka kikao kijacho nilete bei na mfano mmoja wa kushika kwa mkono. Mhazini naye analeta wake wa nondo. Nitakiomba kikao tuvijaribu vyote viwili nje, kwenye upepo, na baiskeli yake.

Sasa nijibu. Mabomba ya inchi 2 hapo Manyoni yanauzwaje, mapya na yaliyotumika? Ukikunja utajaza mchanga kwanza lisibonyee, au unaona bora uchomelee kona? Kona naziogopa, zikiachwa na ncha zitachuna rangi za watu na kesi itarudi kwangu. Redoksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, unapiga mkono mmoja au miwili? Kumi zitakuchukua siku ngapi kama umeme haukatiki, na ule mfano unaweza kuupakia kwenye basi wiki hii, au kondakta ataudai nauli kama abiria? Tena niambie ukweli, unadhani kwa bei ya nondo nitamshinda mhazini, au nianze kuchangisha kwa wenye baiskeli wenyewe?

Na Masele alikulipa lile geti? Neema amepangiwa shule gani? Bibi bado anataka zabibu, nimpe kondakta akirudi, au safari hii ameshahamia kwenye karanga?

Ni mimi,
Baba Tumaini