Ati ulipita Reno na hukusimama?

Swahibu yangu Abu,

Salaam aleikum. Huku sote wazima, joto limezidi na maji ya mfereji yaja yakitaka, lakini twashukuru. Meseji yako niliipata nikaisoma nikairudia, nikaona hili si jambo la kujibu kwa voisnoti, hili lataka barua. Yaani wewe, mtoto wa Kibokoni, umepewa mzigo upeleke Reno huko Marekani, umefika, umeshusha, umekula baga lako, umegeuza lori umerudi Sacramento na hukusimama popote? Reno bana! Kutoka pale hadi Virginia City ni kama kilomita 40, ni kama hapa na Mariakani, na ni Virginia City ile ile ya Bonanza, ile picha ya kauboi ya tivii, aliyokuwa Hoss akitumwa dukani anarudi na ugomvi badala ya misumari. Mji wa kweli kabisa, hawakuutunga, fedha ilipatikana pale 1859 watu wakatajirika na wengine wakafilisika, na majumba ya zamani bado yako. Na lile ziwa la mwanzo wa picha ndo Tahoe, ukitoka kwako ukifika Truckee ukakata kulia umelifikia. Ila usiende kuitafuta Ponderosa yenyewe, ile ranchi ya akina Cartwright, mzee Ben na wanawe Adam, Hoss na Little Joe, utachoma dizeli bure, walikuwa na ranchi ya watalii pale Incline Village tangu 1967 lakini ilifungwa 2004.

Au labda wewe umesahau Bonanza, maana watu mkikaa Marekani miaka mingi mwasahau vitu vya Marekani.

Mimi sijasahau kitu. Tivii ilikuwa kwenu, kwetu ilikuwa redio tu, na sheria za mamako nilizishika kuliko za madrasa: miguu uoshe, viatu nje, watoto mkekani, viti ni vya wakubwa, na atakayepiga kelele habari ikianza atoke. Mmoja wetu lazima apande juu kushika antena na huyo maskini huwa aikosa nusu ya picha, yuko darini auliza "bado?" na sisi chini twajibu "bado! bado! hapo hapo usiguse!" halafu ile chenga yatulia na ramani yatokea. Ile ramani! Yaanza kuungua katikati, moto wala karatasi, halafu wale wanaume juu ya farasi waja mbio wametabasamu, na ile gitaa, tanganda tanganda tanganda, na mtaa mzima watoto tushaanza kupanda vijiti vya fagio. Wewe ulikuwa Little Joe kwa sababu tivii ni ya kwenu na huna haya, mimi kwa sababu ya tumbo nikapewa Hoss, na nduguyo mkubwa akawa Adam kwa vile alikuwa haongei na watu. Hakuna aliyetaka kuwa baba. Baba alikuwa hapigani sana.

Kiingereza chenyewe tulikuwa tukisikia "Pa" na "get out of town" basi, mengine yote mamako ndo alikuwa akitutafsiria na yeye Kiingereza hajui hata cha kuombea chumvi. Lakini alikuwa akiangalia sura tu, asema "huyu mwongo, huyu kaja kuiba ng'ombe", na kweli baada ya nusu saa ng'ombe wameibwa. Hop Sing yule mpishi wa Kichina ndo alikuwa kipenzi chake, alikuwa asema katika nyumba ile afanyaye kazi ni huyo peke yake, wengine wazunguka na farasi wakirudi wauliza chakula. Na mapenzi ndo usiseme. Tulikuwa twajua staring hauawi, lakini yeye ndo alokuja kugundua kuwa mwanamke akipendana na mmoja wa Cartwright basi huyo hafiki mwisho wa picha, ama afa ama apanda gari la farasi aondoka zake. Akitokea msichana tu mlangoni amecheka vizuri, mamako asema "innalillahi". Na mzee mwenyewe Ben keshazika wake watatu, kila mtoto na mamake, mmoja alikufa kwa uzazi, mmoja kwa mshale, mmoja kwa kuanguka na farasi. Mtu wa nne angekuja hapo angekuwa mwendawazimu.

Sasa sikiliza. Ijumaa ile nilikwenda kumwamkia mamako baada ya sala, mguu wamsumbua lakini ulimi Mashallah uko vile vile. Nikamwekea Bonanza kwenye simu, zile za mwanzo mwanzo ziko tele YouTube. Ya rangi! Abu, ilikuwa ya rangi tangu siku ya kwanza, Septemba 1959, sisi ndo tulokuwa na tivii ya nyeusi na nyeupe. Kumbe NBC, stesheni iliyokuwa ikiionyesha, ilikuwa ya kampuni ya RCA, na RCA ndo ilikuwa yauza tivii za rangi, kwa hivyo wakataka kitu chenye milima na ziwa la buluu ili watu waone wivu wakanunue. Na ile koti ya Little Joe tulogombania mpaka ukanipiga na fagio, wewe wasema buluu mimi nasema nyeusi, ni ya kijani. Kijani kama mchicha. Mbona kila wiki nguo ni zile zile? Hiyo nayo ina sababu, wakivaa vile vile waweza kuchukua vipande vya farasi wakikimbia vya mwaka juzi wakavibandika kwenye picha mpya na hakuna ajuaye. Ujanja wa kubana matumizi, na sisi tulidhani ni umaskini.

Ila kilichoniuma ni Hoss. Dan Blocker aliyemwigiza alikufa Mei 1972, ana miaka 43 tu, baada ya operesheni, na picha yenyewe haikufika mbali bila yeye, Januari 1973 ikaisha. Fanya hesabu. Sisi tulipokuwa kwenye mkeka wenu tukimcheka akiogopa wasichana, mwenyewe keshazikwa Texas zamani, na mimi nafunga mto tumboni niwe kama yeye. Alikuwa mwalimu wa shule yule, ana masta, si lile jinga tuliloliona.

Na Adam, wakumbuka alikuwa wiki hii yuko wiki ijayo hayuko tukadhani yuko safarini? Pernell Roberts aliacha kazi 1965. Moja ya vitu vilivyomkera ni kuwa mtu mzima mwenye ndevu zake kila saa amuomba babake ruhusa. Na huyo baba, Lorne Greene, alizaliwa 1915, na Roberts 1928, kwa hivyo amzidi miaka 13 tu! Lakini hapo mimi siko na Roberts hata kidogo. Kwetu babangu hadi afariki mimi nikiwa na watoto siuzi hata mbuzi bila kumwambia, na wewe ulipopata viza ulikaa nayo mfukoni mpaka mzee aliposema nenda. Nafikiri ndo sababu picha ile tuliipenda kuliko zile zingine za kauboi peke yake jangwani hana mtu hana kwao. Hawa walikuwa na meza moja, na mzee ndo aanzaye kula.

Jambo moja tu utotoni hatukuliuliza, na mamako ndo aliyeliuliza juzi ile ramani ikiungua. Asema, "na hiyo ardhi yote walipewa na nani?" Nikamwambia pale ni kwa Wawasho na Wapaiute, wenyeji wa asili, walikuwapo kabla ya akina Ben. Akasema "nilijua", kama mtu wa pwani aliyesubiri hati ya shamba toka enzi za babake, akaniambia niendelee kucheza.

Tumemaliza tatu siku hiyo. Amenipa kazi nyingine ya kukutumia, asema zile dawa za goti ulizotuma zimekwisha na zile za kopo la njano zilimfaa zaidi kuliko za kopo jeupe. Kama utampigia video, piga saa mbili asubuhi ya kwako, huku ni saa kumi na mbili jioni na bado yuko macho, lakini usipige Bonanza ikiendelea maana hatashika.

Wasalimie watoto na mamao,

Nduguyo,
Hoss wa Kibokoni