Barua kwa Zuhura: Urithi Uliopitia Vinywani mwa Akina Mama

Tanga,
17 Machi 2024.

Mpendwa Zuhura,

Assalaam aleikum. Barua yako imenifikia, na nimeshukuru kusikia kwamba wewe na wanao hamjambo na kwamba kazi yako katika nyumba ya wazee huko Toronto, Kanada, inakwenda vizuri. Umeniuliza kwa nini washairi wanawake wenye asili ya Karibi, ambao vitabu vyao umeazimwa na yule mfanyakazi mwenzako wa Jamaika, wanaitaja Afrika kila mara ilhali hawakuzaliwa huku, wala mama zao, wala bibi zao. Unasema ulihisi kana kwamba wanadai ukoo usiothibitika. Naomba nikujibu kwa kirefu, maana nayapenda mashairi haya na nisingependa uyarudishe kabla hujayasikiliza vizuri.

Mshairi Audre Lorde alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1934, na mama yake alitoka Carriacou, kisiwa kidogo kilicho sehemu ya nchi ya Grenada. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1982 anaeleza kwamba nyumbani palikuwa mahali pa mbali ambapo hajawahi kukanyaga, lakini alipajua kutoka kinywani mwa mama yake, na kwamba alipokuwa mtoto alikitafuta kisiwa hicho katika ramani asikione. Mimi naona jibu la swali lako limo humo. Kwa washairi hawa urithi hauthibitishwi kwa hati, kwa sababu hati zote ziliandikwa na waliowauza na kuwanunua wazee wao. Urithi unapokelewa kwa mama, katika usemi wake, upishi wake na namna anavyoita vitu, na binti anapohamia nchi ya baridi ndipo anapotambua kuwa alikuwa akiupokea siku zote.

Anayelieleza jambo hili kwa nguvu kuliko wote ni M. NourbeSe Philip, aliyezaliwa Tobago mwaka 1947 na kufanya kazi ya uwakili huko huko Toronto kabla ya kuiacha kwa ajili ya uandishi. Tafuta kitabu chake cha 1989, "She Tries Her Tongue, Her Silence Softly Breaks". Ndani yake mna shairi ambalo katikati ya ukurasa sauti ya mwanamke inagugumia, inakwama katika neno moja, inalirudia na kulivunja, akitafuta kama lugha anayoisema ni ya mama yake kweli au ni ya baba mgeni. Upande mmoja wa ukurasa imewekwa amri kwa wenye watumwa, inayoagiza watumwa wachanganywe kwa makabila na lugha ili wasiweze kusemezana wakapanga uasi. Amri nyingine inasema anayekamatwa akisema lugha ya kwao aadhibiwe vikali, na ikibidi akatwe ulimi. Upande wa kushoto, kwa maandishi yaliyolazwa kiasi kwamba huwezi kuyasoma bila kugeuza kitabu, kuna kisa cha mama aliyejifungua. Anamlamba mtoto mwili mzima mpaka anatakata. Kisha anakifumbua kinywa cha bintiye taratibu, anaugusa ulimi wa mtoto kwa ulimi wake, na anapuliza kwa nguvu, akimpulizia maneno yake, na ya mama yake, na ya mama wa mama yake, na ya akina mama wote waliotangulia.

Nakuomba, Zuhura, ukigeuze kitabu kweli na usome sehemu hiyo kwa sauti. Naamini Philip alimweka mama pembezoni kwa makusudi, kwa sababu katika kumbukumbu za watawala hakuwa na nafasi nyingine. Lakini ukishakigeuza kitabu ni amri iliyolala upande, na mama ndiye aliyesimama wima. Sisi tuliofundishwa Utendi wa Mwana Kupona, ambamo mama mgonjwa wa Pate anamwita bintiye aje na karatasi na wino ili amuusie, tunaweza kulielewa jambo hili upesi. Tofauti ni kwamba Mwana Kupona aliuacha wosia wake katika maandishi, na binti za Karibi wamelazimika kuuandika wosia ambao mama zao hawakuruhusiwa kuuandika.

Ukumbuke pia hao mama waliingiaje Kanada. Mwaka 1955 serikali ya huko ilianzisha mpango wa kuwachukua wanawake wa Jamaika na Barbados kuwa watumishi wa nyumbani, kwa sharti la kuwa hawajaolewa wala hawana watoto, na la kutumika mwaka mzima ndani ya nyumba za watu kabla ya kuwa huru kutafuta kazi nyingine. Wapo waliowaficha watoto waliowaacha kwa bibi zao. Huko New York nako, mwandishi Paule Marshall alieleza mwaka 1983 jinsi mama yake na wenzake kutoka Barbados walivyokuwa wakisafisha nyumba za watu mchana, kisha wakakusanyika jikoni kuzungumza siasa, ndoa, vita na Marcus Garvey, yule kiongozi Mjamaika wa harakati za watu weusi. Aliwaita washairi, na akasema hao ndio walimu wake wa kwanza.

Ndiyo sababu mashairi haya yana harufu ya jikoni. Lorna Goodison wa Kingston, katika shairi fupi linaloupa jina mkusanyiko wake wa 1986, anasema anageuka kuwa mama yake, mwanamke ambaye vidole vyake vinanuka vitunguu daima, mwenye gauni la kitani lenye rangi ya mbingu, anayeweka akiba ya vitambaa vizuri vya meza ili asiaibike mbele za watu. Katika shairi jingine la mama huyo huyo, watu 20 wanalishwa kwa majani ya kabichi yaliyoachana na kichwa chake, karoti moja na nyama ya kujaa kiganja. Humo Afrika haikutajwa hata mara moja, lakini nina hakika ungelimfahamu mama yule ukimwona mlangoni kwako.

Nakubaliana nawe kwamba yapo mashairi yanayoitaja Afrika kwa urembo tu. Usimweke Grace Nichols katika kundi hilo. Alizaliwa Georgetown, Guyana, mwaka 1950, akahamia Uingereza mwaka 1977, na alikuwa akiishi Sussex dhoruba ya Oktoba 1987 ilipopiga kusini mwa nchi na kung'oa takriban miti milioni 15. Katika shairi lake kuhusu dhoruba hiyo mwanamke amelala macho nusu ya usiku, akizisemesha pepo zile kwa majina: Huracan, mungu wa dhoruba wa wenyeji wa asili wa Karibi, Oya na Shango, walio miungu ya upepo na radi ya Wayoruba wa Afrika Magharibi, na Hattie, kimbunga cha mwaka 1961, anayemwita binamu yake wa nyumbani. Guyana yenyewe iko nje ya njia ya vimbunga hivyo, kwa hiyo nadhani hata upepo aliurithi kwa kusimuliwa. Anaiuliza dhoruba imefuata nini Uingereza, na anakiri kwamba ndiyo iliyomkaribisha na ardhi ya ugenini. Hana haja ya kurudi ili awe wa kwao, kwa kuwa wa kwao wamemfuata mpaka dirishani.

Louise Bennett, mshairi wa Jamaika, nimemwacha mwisho kwa sababu huyo si wa kusomwa kimya kimya. Aliandika kwa lugha ya sokoni wakati ambapo watu wenye hadhi waliiona kuwa ni Kiingereza kilichoharibika, na shairi lake la Wajamaika wanaoitawala Uingereza kwa kuhamia huko, likianza kwa kumpasha Bi Mattie habari njema, linataka kinywa cha Mjamaika. Bennett alifia huko huko Toronto mwaka 2006. Mwombe mwenzako akusomee, kwa kasi ya mama yake na bila kukutafsiria, kisha uniandikie ni mambo gani uliyoyaelewa kwanza. Nisalimie watoto.

Ni mimi rafikiyo,
Rehema