Barua ya wazi kwa Mheshimiwa wa Afya: kila agizo liandikiwe uhakika wake

Lubumbashi, Katuba

Mheshimiwa,

Mimi ni muuguzi wa kituo kimoja cha afya hapa Katuba, nakusalimia kwa heshima zote. Ningependelea kukufikia kwa njia ya ofisi, ila barua zangu za ofisi bado ziko safarini. Labda zilipanda treni ya Kamina.

Juma lililopita wakaguzi wako walinigombeza mbele ya mama za wagonjwa. Kosa langu: mtoto mwenye kikohozi chepesi sikumwandikia sirapu iliyo kwenye mwongozo mpya wa matibabu. Primu yangu, ile nyongeza ya mshahara, ikakatwa. Mwongozo wenyewe ni amri tupu, zote na uzito uleule: artesunati kwa malaria kali, lazima, sirapu, lazima.

Artesunati naielewa. Utafiti wa AQUAMAT wa mwaka 2010 ulifuata watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Kongo yetu ikiwemo. Walipangwa kwa kura, siyo kwa hiari ya daktari. Kati ya waliopewa kinini, dawa ya zamani, walikufa asilimia 10.9, upande wa artesunati, 8.5. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaitanguliza mbele ya kinini kwa watoto hao. Kwa hiyo hata mkiniamsha usiku wa manane, nitachoma artesunati bila kuuliza.

Na sirapu? Nani aliipima, kwa watoto gani? Njia ya GRADE, ambayo Shirika hilohilo linaitumia, ina ngazi nne za uhakika wa ushahidi: ya juu, ya kati, ya chini, na ya chini kabisa. Utafiti wa kupanga wagonjwa kwa kura huanzia juu, kisha hushushwa ukionekana uliendeshwa ovyo, matokeo yakipingana, au waliopimwa wakiwa wachache ama hawafanani na wagonjwa wetu. Baadaye agizo hutajwa kuwa la nguvu au la masharti, baada ya kupima faida, madhara na mfuko wa mgonjwa. Mfuko, Mheshimiwa! Mama mmoja hapa aliuza makala ya kupikia nyumbani kwake ili apate sirapu hiyo.

Majina ya walioandika hayamo. Watu wanasema wenye kampuni fulani ya dawa walikaa nao meza moja hotelini. Sikualikwa, sijui mlikula nini. Ila kanuni inataka kila mwandishi atangaze maslahi yake kwanza, na mwenye maslahi akae pembeni siku ya kuamua. Siku ya uzinduzi mlituahidi kwamba karatasi za ushahidi zitakuja "mwezi ujao". Mwezi gani huo?

Sidai gari. Sidai kompyuta. Primu mkiirudisha, aksanti. Naomba tu kando ya kila agizo paandikwe uhakika wake na mwaka wake. Uhakika na mwaka, basi. Kama franga za kuchapisha upya hazipo, leteni orodha moja, kalamu tunazo, tutajaza wenyewe. Mpaka hapo sirapu ile siiandiki, na mkaguzi atakayerudi aje na ushahidi mkononi.

Wako katika kazi,
Muuguzi mkuu wa kituo, Katuba